Mstari wa Mwisho wa Ubao

Ishiara,
9 Februari 2025

Mpendwa Joyline,

Pokea salamu za joto, na joto ninalolisema ni lile la jua. Mwaka huu limeamua kukaa nasi kabisa, hata mbuzi wanashinda wamelala chini ya gari bovu la Nyamu. Mimi ni mzima. Mukami, jirani yangu, amepata mjukuu wa tatu na bado analalamika kwamba hakuna anayemtembelea. Mwambie baba yako, huyo kaka yangu, kwamba viazi vya Kiirua vilifika. Nusu vilikuwa vimeoza, na ile nusu nyingine niliila nikimkumbuka.

Ndengu tumevuna. Si nyingi, lakini zipo. Sasa nachagua mbegu za kikundi, kama kila mwaka. Unajua kina mama kumi na wawili wanangoja mbegu kutoka mkononi mwangu, na tangu nistaafu ualimu hiyo ndiyo kazi inayonifanya niamke. Mwaka huu inakwenda polepole. Balbu za siku hizi hazina mwanga, na hata Biblia mpya walizoleta kanisani zimechapishwa kwa wino wa kubania.

Ninachotaka ni kidogo. Miwani uliyonipa mwaka juzi imechoka. Nitumie nyingine yenye nguvu zaidi, uitie kwenye bahasha uipe gari la abiria kama kawaida. Hakuna haja ya kunipima tena. Ulinipima wewe mwenyewe pale ukumbi wa kanisa, nikasoma ubao hadi mstari wa mwisho, na watu wangu wote walifaulu siku hiyo. Mutugi amepiga simu kusema Pasaka atakuja kunichukua nikaishi naye Nairobi, eti mwanangu anaogopa nitaanguka jikoni. Nikamwambia macho yangu yamepimwa na mtaalamu, tena mtaalamu mwenyewe ni binamu yake. Akageukia habari za mbuzi.

Samahani mistari ikiteremka. Meza ina mguu mfupi.

Shangazi yako,
Karwirwa


Meru,
3 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Nimechelewa kujibu wiki tatu na sina sababu nzuri. Huku sote wazima. Baba anavuna viazi na kugombana na mgongo wake. Mimi natoka kwenye duka la miwani jioni nikiwa sina hata neno la kumwambia mtu. Watu wanaingia na macho ambayo miwani haiwezi kuyasaidia, na kila mmoja anataka miwani.

Wiki jana alikuja mzee mmoja, Bundi, fundi cherehani. Akamimina mezani miwani sita kutoka maduka sita, kila moja nzito kuliko iliyotangulia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba shida haiko kwenye miwani, iko nyuma ya jicho. Sisi huita hali hiyo uoni hafifu: mtu si kipofu, lakini hata miwani iwe bora namna gani haimrudishii macho ya zamani. Nilimuuliza anataka kufanya nini. Akaniangalia kama ninayemtania, kisha akasema, kutunga uzi kwenye sindano. Basi tukaacha ubao, tukaanza na sindano. Ilichukua asubuhi nzima na bosi wangu hakufurahi.

Kwa hivyo sitatuma miwani, Shangazi. Usinikasirikie. Fanya hivi kwanza. Simama mbele ya mlango mchana, ziba jicho moja kwa kiganja, utazame fremu kwa jicho lililobaki. Halafu badilisha. Niambie kama mbao zimenyooka, au zimepinda, au kuna mahali pamefutika katikati. Niandikie unachoona, si unachokijua kuhusu mlango wako.

Siku ile ya kanisani tulipima watu sitini na watatu. Ubao nilikuwa nimekutumia siku mbili mapema ili uutundike, kazi ikaenda mbio, nami nikarudi Meru nikisifu macho ya watu wa Ishiara. Nilikuwa nimechoka pia. Basi.

Nimeandika kwa herufi kubwa kidogo, kwa sababu kalamu hii mpya inapenda hivyo.

Wako,
Joyline


Ishiara,
28 Aprili 2025

Joyline,

Barua yako ilifika tarehe saba Machi. Niliisoma kwa siku nne, asubuhi, nimekaa nje. Mukami alitaka kunisomea, nikamwambia ina siri za ukoo. Kwa nini nimekawia kujibu, sema ni mvua.

Mvua yenyewe ilikuja kwa wakati. Tulipanda. Kwa Cicily hakikuota kitu. Kwa Susan ziliota moja hapa na nyingine kule mwisho wa shamba. Walipofukua walikuta mbegu zimetobolewa na fukusi, zimebaki maganda. Mbegu nilizozichagua mimi, moja moja, wiki tatu nzima. Hakuna aliyenigombeza. Walikuja wawili hao, wakakaa, wakanywa chai, wakasema huenda ni udongo. Cicily nilimfundisha darasa la pili, na mpaka leo hajui kudanganya. Kama wangenitukana ningelala vizuri.

Kuhusu mlango, sikuutazama. Mlango wangu naujua.

Mutugi alikuja Pasaka. Alikuta sufuria imeungua, na nikamtilia chumvi kwenye chai. Akainywa yote, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya. Baadaye nikamsikia nje akikuomba kwenye simu uandike karatasi ya kitaalamu kwamba siwezi kuishi peke yangu, ili ndugu wasimlaumu akinihamisha. Wewe hukunieleza kwamba amekuomba. Kwake ni ghorofa ya nne, Joyline. Huko nitachagua nini, mchele wa dukani?

Andika unachotaka. Wewe ndiye uliyesoma.

Karwirwa


Meru,
6 Mei 2025

Shangazi,

Baba anakusalimu, na mgongo ni ule ule. Sina habari nyingine.

Ni kweli Mutugi aliniomba, na ni kweli sikukuambia. Sijaandika hata neno. Alinipigia tena jana. Nikamwambia siwezi kuandika juu ya macho ambayo sijayapima, naye akasema, "Lakini si ulishampima, Joyline? Mama kila siku ananiambia ulimpima." Nami nikageukia habari za mgongo wa baba.

Njoo. Baba atakufuata Jumatatu kwa gari la rafiki yake, utalala kwangu. Siku ya kwanza ni mimi. Ya pili ni daktari wa macho, atazame nyuma ya jicho, maana hiyo si kazi yangu. Ya tatu ni ya mambo yako mwenyewe. Ubebe ungo wako na kibaba cha ndengu, mbaya kwa nzuri. Usijipambe kwa ajili yangu.

Humu ndani kuna kalamu nene nyeusi, na kadi nyeusi niliyoikata dirisha refu. Ilaze juu ya karatasi, dirisha lionyeshe mstari mmoja tu. Ile mingine ikifichwa, jicho halipotei njia.

Naogopa pia, kama unataka kujua.

Joyline


Ishiara,
2 Juni 2025

Mpendwa Joyline,

Nilifika salama. Mbuzi mmoja hayupo na hakuna anayejua alikokwenda. Mukami ameniuliza kila kitu, nami nimemjibu nusu. Naandika kwa kadi yako na kalamu yako, na mistari imenyooka, kwa hivyo naona hata meza imepona mguu.

Asante kwa malazi na chakula. Asante zaidi kwa kunipima mlango ukiwa umefungwa. Ulisogeza ubao mpaka ukawa hatua moja kutoka usoni, na haukuwa ule ninaoujua. Nikasoma herufi tatu za juu. Nilipoanza kukisia, uliniambia niache. Kisha ukaweka ubao chini, ukaniuliza nataka kufanya nini, nami nikakujibu kama mtoto, nataka kuona.  Ukangoja tu, mpaka nikasema nataka kuchagua ndengu, kumjua aliyesimama mlangoni kabla hajafungua kinywa, na kusoma barua zangu bila Mukami.

Ile sinia nyeupe naifikiria mpaka leo. Miaka yote hii ndengu za kijani kwenye ungo wa kahawia, na hakuna aliyewaza. Ulipozimwaga kwenye sinia nilianza kuzishuku mbaya hata kabla ya kuwasha ile lenzi yenye taa. Ukanifundisha pia nisikikodolee macho kitu, nitazame pembeni kidogo ndipo kinakuja. Nimejinunulia kikombe cheusi, na sasa chai ya maziwa naiona ikipanda. La kumjua aliye mlangoni ulisema hakuna lenzi ya kulifanya. Hukunidanganya. Nililia chooni kwako, kama ulishangaa kwa nini maji yalikuwa yanamwagika muda wote ule.

Linalonirudia ni la daktari. Jicho la kulia nalo limechakaa na litaendelea polepole. La kushoto lina kovu katikati, tena la zamani. Alisema damu ilivuja huko nyuma, na kuna sindano za jicho ambazo huenda zingeliokoa kama lingeshikwa mapema, mwaka juzi hivi. Alipotaja mwaka juzi, wewe uliondoka ukaenda dirishani, ukatazama nje mpaka akamaliza kuzungumza. Kulikuwa na nini nje?

Mutugi bado anangoja karatasi.

Shangazi yako,
Karwirwa


Meru,
30 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Baridi imeingia huku na baba amehamia karibu na jiko. Bundi, yule fundi cherehani, alipita kunionyesha suruali aliyoishona mwenyewe. Hiyo ndiyo habari njema ya mwezi huu. Barua hii nimeianza mara tano.

Nje hakukuwa na kitu. Dirisha lile linatazama ukuta.

Siku ile ya kanisani wewe ulikuwa wa mwisho. Ulikuwa umesimama kando ya ubao tangu asubuhi, ukiwaonyesha watu herufi kwa rula yako ya shule. Nilikuziba jicho la kushoto, ukasoma vizuri kwa la kulia, taratibu, kama mtu anayesoma. Nikaliziba la kulia. Ukasoma mstari wa mwisho haraka kuliko mwanzo, uso umeugeuzia mlangoni. Hivyo sivyo mtu anavyosoma, Shangazi. Hivyo ndivyo mtu anavyokariri. Nilijua pale pale.

Nilikuwa na ubao mwingine kwenye mkoba, wenye herufi tofauti, na mkoba ulikuwa miguuni pangu. Lakini wanafunzi wako wa zamani walikuwa wamejaa kwenye mabenchi wanakutazama, na ni wewe uliyenifundisha kusoma nikiwa na miaka mitano, mezani kwako. Niliona haya kukushika mbele yao. Nikajiambia nitakupima vizuri siku nyingine, faraghani. Nikaandika kwamba macho yote mawili ni mazuri, nikakupa miwani ya kusomea tu, nikafunga kitabu. Siku hiyo nyingine ndiyo hii ya mwezi uliopita. Naamka nayo, nakwenda nayo kazini, na kila mgonjwa anayegeuza uso akisoma ananikumbusha.

Karatasi ya Mutugi nimeituma jana. Nainakili hapa usije ukaisikia kwa mwingine:

"Mama yako ana uoni hafifu. Haoni sura wala maandishi madogo, na hilo halitarudi. Anaona njia, ngazi, mlango na moto. Nyumba yake anaijua, yako itabidi ajifunze upya akiwa na miaka sabini na mbili. Alipika chai jikoni kwangu, mahali asipopajua, bila kujiunguza. Anahitaji taa ya nguvu mezani, lenzi, chumvi na sukari kwenye mikebe ya rangi mbili, na mtu wa kumpitia kila jioni. Kila asubuhi atazame fremu ya mlango kwa jicho la kulia, na siku itakapopinda, ishara ya damu kuvuja, aletwe Meru siku hiyo hiyo. Akipata haya anaweza kuishi kwake. Yote haya ungeyajua mapema kama ningempima ipasavyo mwaka 2023. Kosa hilo ni langu."

Mutugi hajajibu. Wewe nawe sikuombi unisamehe kwa haraka.

Joyline


Ishiara,
17 Agosti 2025

Mpendwa Joyline,

Nakusalimu wewe, baba yako na jiko lake. Najua umengoja. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nimekasirika na sikutaka kukuandikia nikiwa hivyo. Hizo nyingine nilikuwa na kazi, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kutafuta namna ya kuandika barua hii.

Mutugi alikuja na taa. Akaifunga juu ya meza, akanipangia mikebe, mwekundu wa chumvi na mweupe wa sukari, akalala siku mbili, na Nairobi hakuitaja. Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni akasema, "Ni mimi, Mama, Mutugi." Nikamwambia sauti yake naijua tangu akililia maziwa. Lakini nilifurahi.

Ndengu za msimu huu nimezichagua kwenye sinia. Nilimpa Cicily kibaba kimoja akikague, nikamkataza kunihurumia. Akatoa saba mbaya. Nikazitazama zile saba kwa lenzi mbele yake, nikaziona moja moja mpaka nikaridhika kwamba ni mbaya, naye akakiri nilikuwa nimeziacha kwa uchovu. Kikundi kimesema mbegu zitabaki kwangu, na Cicily atapitia kila kibaba baada yangu. Nilitaka kukataa hilo la kupitiwa, nikakubali. Siku hiyo hiyo niliwaambia sioni tena sura zao, kwa hivyo wanaponisalimu wataje majina. Sasa wananitajia majina matatu matatu, kama kwenye daftari la mahudhurio.

Sasa lile la kanisani. Uliandika kwamba ulijua. Nami nilijua kwamba unajua. Ulinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama watoto wanaochungulia daftari la jirani, halafu ukainamisha kichwa ukaandika. Nilishukuru. Nilirudi nyumbani nimeshukuru kweli. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufifia tangu Krismasi iliyotangulia, na nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hakuna atakayelijua. Kwa hivyo usilibebe hilo peke yako. Lina uzito, lakini tuko wawili.

Lakini si hilo tu lililonifanya niandike.

Ulipotuma ule ubao siku mbili mapema, niliutundika. Halafu nikaona watu wanavyouogopa. Wengi wao niliwafundisha mimi, Joyline, na miaka thelathini na minne hakuna mwanafunzi wangu aliyeingia kwenye mtihani bila marudio. Nikawaita ukumbini jioni mbili, nikawapanga, nikawasomesha ule ubao kwa rula, kutoka herufi ya juu hadi mstari wa mwisho, mpaka wakauimba. Sikutaka waaibike mbele ya mgeni, na mgeni mwenyewe alikuwa wa damu yangu. Ndiyo maana walifaulu wote. Ndiyo maana kazi yako ilikwenda mbio. Ukarudi Meru ukisifu macho yetu, nami nikajisifu kwa kila niliyekutana naye.

Nilikuja kulielewa mezani kwako, ulipotoa ubao nisioujua. Mwezi mzima huu nimewafikiria mmoja mmoja. Hezekiah anabeba watoto wanne wa shule kwa pikipiki kila asubuhi. Nilimuuliza kanisani, taratibu, siku ile aliona nini. Akacheka kwanza. Halafu akasema, "Mwalimu, mstari wa tatu kwenda chini sikuwa naona kitu. Lakini si ulikuwa umetufundisha?" Nimemwambia aiweke pikipiki kando hadi utakapokuja, na watoto wanatembea kwa sasa. Hajanielewa vizuri, lakini ametii, maana bado ananiogopa.

Nimezungumza na mchungaji. Ukumbi ni wetu Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Najua umechoka, na najua bosi wako. Omba siku moja. Njoo na ubao mwingine, na usiutume mapema, hata mimi nikikuomba. Rula nitaiacha nyumbani. Nitakaa benchi la mbele niwe wa kwanza. Uniite kwa jina langu lote, mlango ukiwa wazi, uzibe jicho la kulia kwanza, na usinisaidie. Nitakwama kwenye herufi ya juu kabisa. Nataka waone mwalimu wao akisema hajui, kisha waje nyuma yangu mmoja mmoja.

Shangazi yako,
Karwirwa